Karatasi Ina Uzi Wake

Kila Alhamisi saa nne, jua likishapanda juu ya misonobari,
tunakutana ukumbi wa zahanati, Mafinga,
wazee tisa na meza mbili zisizolingana kimo.
Nesi Tulinagwe anasema vidole vyetu
vimejikunyata tangu baridi ya Julai.
Sasa ni Oktoba, viamke.

Hatuna karatasi za rangi.
Tuna kalenda ya mwaka juzi ya chama cha akiba,
mifuko ya unga iliyokung'utwa,
risiti, daftari la mjukuu aliyehamia Makambako.
Bi Vaileti Kihwele ana barua za usharika tangu akiwa mwali.
Hataki zikunjwe. Anazileta tu, zitazame.

Somo la kwanza, pepeo.
Somo la pili, kofia ya jua,
haikumtosha yeyote ila Desderi mwenye kichwa kidogo.
Akaenda nayo sokoni, muuza nyanya akamwita bwana harusi.
Somo la tatu, samaki.

Hapo Oliva Chaula akacheka mpaka akashika meza.
"Mwanangu, samaki mkunje angali mbichi!
Hebu waone hawa uliowakusanya humu:
tumekaushwa, tumetiwa chumvi,
tumepanda Kitonga ndani ya gunia."
Na bado akakunja. Jicho moja limeziba,
akawa anafuata mstari kwa ukucha wa gumba,
kama alivyotafuta chipukizi la chai alfajiri, ukungu ukiwa magotini.
Samaki wake akatoka na uso wa mtu anayedai deni.

Mimi niliharibu wanne.

Aibu, maana karatasi imenilisha miaka ishirini na sita.
Zamu ya usiku, kiwandani, kule bondeni:
msonobari unaingia huku ukiwa mti,
unatoka kule mweupe, mpana kuliko nyumba yangu,
unajiviringisha na kunguruma.
Sikuwahi kushika karatasi moja.
Nilishika tani.
Wakanistaafisha na saa ya ukutani,
na barua isemayo faili langu linashughulikiwa.
Nimeibeba mfuko wa koti hadi mikunjo yake
imekuwa myembamba kama ganda la kitunguu.

Alhamisi ile nikaitoa. Hakuna aliyeuliza.
Nikaikunja kwa upana, ikakataa, ikavunjikavunjika ukingoni.
Nikaigeuza robo.
Ikatii.
Mikono ilikumbuka kabla yangu.
"Nesi," nikasema, "karatasi ina uzi wake,
kama ubao, kama nyama.
Mashine huulaza upande mmoja.
Ukiufuata, inainama yenyewe.
Ukienda kinyume, inakukumbusha kuwa ilikuwa mti."

Tulinagwe akachukua kalamu, akaandika.
Maneno yangu mimi, akayaandika!
Kisha ukumbi mzima ukaanza kuchana kona za kalenda,
Februari, Machi, kuona ipi yachanika kwa unyoofu,
na kwa nusu saa hakuna aliyetaja magoti.

Samaki wangu wa tano ana muhuri tumboni
na "linashughulikiwa" kwenye pezi.

Tuliwatundika dirishani kwa nyuzi za sweta iliyofumuka,
thelathini na mmoja.
Upepo wa kiangazi ukawaogelesha,
na moshi wa mashamba yanayochomwa ukapita kati yao
kama maji machafu, wao wakielekea Mgololo.

Novemba mvua ya kwanza ilipiga ubavuni,
na dirisha lile lina pengo la kioo tangu lijengwe.
Asubuhi tukakuta rojo la kijivu sakafuni.
Desderi akavua kofia. Ile ile.
Nikainama kwa vituo, nikachota kidogo, nikanusa.

Uji. Kiwandani tuliita uji.
Harufu ya saa tisa usiku, chai ya chupa,
mke wangu yu hai, amelala upande wa ukuta.
Nikasimama nao kiganjani, ukinidondokea kwenye viatu.

"Haya," akasema Bi Vaileti, akifungua mkoba.
Akatoa barua moja ya usharika,
akaitazama mbele, akaitazama nyuma,
akanisogezea.
"Uzi wa hii umelala wapi?"